Mtoto Mgeni Darasani: Kumpokea na Kumfundisha Mtoto wa Familia ya Wakimbizi au Wahamiaji

Mtoto wa miaka 4 anayeingia darasa la awali bila kujua hata neno moja la lugha ya shule hajaja kichwa kitupu. Ana lugha yake, pengine mbili, ana nyimbo, ana michezo, na huenda ameshazoea kumbembeleza mdogo wake. Mwalimu ana kazi mbili: kuifanya siku ya mtoto huyu iwe ya kutabirika, na kumpa lugha mpya bila kumpokonya ile aliyokuja nayo.

Kabla hajaanza

Kaa na wazazi pamoja na mkalimani mtu mzima, na tenga muda mara mbili ya kawaida kwa sababu kila jambo litasemwa mara mbili. Usimtumie kaka au dada wa mtoto kutafsiri. Atajikuta akibeba mambo ya wakubwa, na yale ya aibu atayaruka. Jambo jingine husahaulika: mkalimani anayetoka nchi moja na familia anaweza kuwa wa upande ule ule walioukimbia. Iulize familia kwanza kama inamkubali.

Mkishakaa, mtazame mzazi, si mkalimani. Sema, "Mama, mtoto wako huwa analala saa ngapi?" wala si, "Muulize huwa analala saa ngapi." Sentensi moja au mbili, kisha nyamaza zitafsiriwe.

Uliza nyumbani anaitwaje na jina linatamkwaje (mwombe mzazi akurekodie kwenye simu), nani huzungumza naye lugha ipi, asichokula ni nini, anatumiaje choo, nini humtuliza na nini humtisha. Swali la choo si dogo. Mtoto aliyezoea choo cha kuchuchumaa anaweza kuogopa cha kukalia, akajibana mpaka ajikojolee, nawe ukadhani hajafundishwa. Mambo ya safari waliyopitia na vibali vya kuishi usiyachokonoe; mzazi akitaka kusema, atasema mwenyewe.

Angalia pia tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi huandikishwa 1 Januari kwa sababu vyeti vilipotea au tarehe kamili haikujulikana. Katika umri huu, tofauti ya miezi 8 ni kubwa mno. Ukiiona tarehe hiyo, muulize mama mtoto alizaliwa msimu gani au karibu na tukio gani, kabla hujaandika kwamba amechelewa kukua.

Wiki za mwanzo

Siku ya kwanza mzazi abaki darasani muda wote ambao mtoto yupo, hata kama ni saa moja tu. Siku ya pili atoke kwa dakika 10 na kurudi. Muda huo uongezwe kadiri mtoto anavyohimili. Kosa kubwa hapa ni mzazi kuchomoka kimyakimya mtoto akiwa anacheza, tena mara nyingi kwa ushauri wa mwalimu anayekwepa kilio. Mtoto aliyewahi kupotezana na mtu wake akigeuka asimwone mama, hana sababu ya kuamini kwamba atarudi. Basi mama aage kwa lugha yao, kwa maneno yale yale kila siku, aache kitambaa chake chenye harufu yake, na arudi wakati ule ule aliousema.

Piga picha 5 hadi 7 za shughuli za siku katika chumba chenyewe: mlango, kona ya michezo, chakula, choo, kulala, mzazi kumchukua mtoto. Zibandike usawa wa macho ya mtoto, kutoka juu kwenda chini, maana kuna familia zinazosoma kutoka kulia kwenda kushoto. Kila shughuli ikiisha, mtoto aigeuze picha yake. Asiyejua saa wala lugha ataona mwenyewe kwamba zimebaki mbili kabla mama hajafika.

Nawe jifunze maneno 10 ya lugha yake: maji, choo, mama, inauma, njoo, ngoja, kula, lala, basi (imetosha), na "mama anarudi". Yaandike unavyoyasikia na mwombe mzazi akurekebishe. Ukiyatamka vibaya mtoto akakucheka, usione haya. Hiyo pengine ndiyo mara yake ya kwanza kucheka shuleni.

Ukimya

Hapa ndipo walimu wengi hukosea. Mtoto anayejifunza lugha ya pili huweza kunyamaza kwa wiki kadhaa, hata miezi. Wakati huo anasikiliza, anapanga sauti, anaangalia watu hufanya nini baada ya kusema nini. Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu haifanyi kazi hapa.

Chukua mfano wa beseni la maji. Kaa kando yake, mimina maji kwenye kikombe huku ukisema, "Namimina maji. Maji yamejaa." Mpe kikombe. Akimimina, sema anachofanya: "Unamimina. Yamemwagika!" Usimuulize kitu bado. Kesho na keshokutwa rudia beseni lile lile na maneno yale yale, kwani neno hukaa kwa kusikika mara nyingi katika jambo moja.

Maswali yaje kwa ngazi. Kwanza yale ya kuonyesha kwa kidole: "Kikombe kiko wapi?" Kisha ya ndiyo au hapana. Halafu ya kuchagua: "Unataka ndoo au kikombe?" Hili ni zuri kwa sababu jibu limo ndani ya swali. "Umefanya nini?" ije mwisho. Baada ya kila swali hesabu moyoni polepole hadi 10. Mwalimu wa kawaida husubiri kidogo sana, kisha hujijibu mwenyewe. Mtoto akisema "maji mwaga", usimkosoe. Mrudishie ikiwa kamili: "Ndiyo, maji yamemwagika."

Usimnyime kitu mpaka aseme. "Sema maji ndipo nikupe" humfundisha kwamba kuongea ni mtihani. Mketishe karibu na mtoto mmoja mpole anayependa kuongea, na imbeni sana: sauti nyingi za kwanza hutokea kwenye nyimbo, ambako hakuna anayemkodolea macho.

Wasiwasi uanze lini? Muulize mzazi kama nyumbani anaongea, na kama alianza kuongea sawa na ndugu zake. Akiwa kimya katika lugha zote, au haitiki anapoitwa jina, masikio yapimwe kwanza. Ikipita miezi 6 na bado hawasiliani shuleni hata kwa ishara, tafuta mtaalamu.

Tahadhari moja kuhusu yule anayeongea vizuri. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo hupatikana kwa takriban miaka 2, lakini ile ya masomo huchukua miaka 5 hadi 7. Kwa hiyo mtoto anayepiga soga uwanjani na kukwama kwenye maelekezo si mvivu.

Lugha ya nyumbani

Usiwaambie wazazi waache lugha yao ili mtoto awahi kujua ya shule. Mzazi anayebabaika katika lugha ngeni humpa mtoto maneno machache na makavu, na baada ya muda mtoto na bibi yake hawaelewani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 29, unataka elimu iheshimu lugha ya mtoto. Kwa vitendo: kitabu cha picha utakachosoma Jumatatu kipeleke nyumbani Alhamisi, mama akisimulie kwa lugha yake. Mtoto atafika akiijua hadithi, abakize maneno tu. Akichanganya lugha mbili katika sentensi moja hajachanganyikiwa, anatumia alichonacho.

Hofu

Baadhi wameona mabaya. Utaona mtoto anaruka kengele ikilia, anaficha chakula mfukoni, anakataa mlango kufungwa, au anarudia mchezo wa watu kukimbia na nyumba kuanguka. Mazoezi ya dharura mweleze kwa picha kabla, na mshike mkono kengele inapolia. Chakula asinyang'anywe, mwekee sahani mahali anapoiona. Mchezo wa kutisha usiuzime mara moja: kaa karibu, ingiza gari la wagonjwa au mafundi wa kujenga, uone kama unapata njia nyingine ya kuisha. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi bila kupungua, au mtoto hali wala halali, zungumza na wazazi kuhusu kumwona mtaalamu.

Bahasha

Familia hizi huweza kuhama bila taarifa. Tangu wiki ya kwanza muandalie mtoto bahasha inayokaa kwa mzazi, si kabatini shuleni: michoro yake, maneno anayoyajua katika kila lugha, kinachomtuliza, nyimbo anazopenda. Iongezee kila mwezi. Ukurasa wa juu uandike jina lake na jinsi linavyotamkwa.