Kumwandaa Fereti kwa Upasuaji wa Tumbo na Kumuuguza Baadaye

Fereti, mnyama mwembamba wa jamaa ya kicheche anayefugwa nyumbani, mara nyingi hupasuliwa tumbo kwa sababu ya uvimbe wa kongosho unaotoa insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) kupita kiasi, ugonjwa wa tezi za adrenali zilizo karibu na figo, au utumbo ulioziba kwa kipande cha mpira au donge la nywele. Mfugaji anayetaka kumsaidia aanze kwa kuuelewa utumbo wa mnyama huyu, kwa maana karibu kila agizo la daktari linatokana nao.

Utumbo huo ni mfupi, na chakula huupita kwa muda wa saa 3 hadi 4 tu. Kwa hiyo kumnyima chakula usiku kucha, kama wengi walivyozoea kuwafanyia mbwa, ni kosa linaloweza kumdhuru. Kwa kawaida saa 3 au 4 zinatosha. Mwenye uvimbe wa kongosho yuko hatarini zaidi, kwa kuwa sukari ya damu yake, ambayo mara nyingi tayari iko chini ya miligramu 70 kwa desilita, huweza kuporomoka akishinda na njaa, akatokwa na mate, akakodoa macho, akalegea miguu ya nyuma na hata kushikwa na degedege. Omba apasuliwe wa kwanza asubuhi, uliza saa hasa ya kuondoa chakula, na uandike alikula lini mara ya mwisho. Ikiwa anatumia prednisoloni, dawa ya steroidi inayosaidia kupandisha sukari ya damu, usiikatishe kwa uamuzi wako, kwani kuiacha ghafla kuna madhara yake.

Ni vyema kumchagua daktari aliyekwisha kuwapasua fereti, hasa ikiwa tezi ya adrenali inayoondolewa ni ya kulia, ambayo imegandamana na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Vipimo vya damu vitangulie.

Jambo moja husahaulika sana. Fereti huzoea harufu ya chakula chake tangu utotoni na hukataa kigeni, hivyo mzoeshe uji laini wa nyama wiki kadhaa kabla, kama ugonjwa unaruhusu kungoja. Kumfundisha akiwa na maumivu ni taabu kwenu nyote wawili. Katika kizimba, ondoa ngazi na vitanda vya kuning'inia, weka chombo cha choo chenye ukingo mfupi, na utandike karatasi badala ya mchanga, ambao hunata kwenye kidonda.

Akirudi nyumbani, mpe joto kwanza. Mwili mdogo hivyo hupoa upesi baada ya nusukaputi, nao hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 37.8 na 40 za selsiasi; chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa inafaa, mradi awe na nafasi ya kusogea mbali nayo. Kisha mlishe kidogo kidogo kila baada ya saa 3 au 4, usiku pia, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo kwa sababu utumbo wenyewe ulikatwa. Ukitumia bomba la sindano, liingize pembeni mwa mdomo, na kamwe usimlishe akiwa bado analewalewa. Dawa za maumivu za binadamu, ikiwemo ibuprofeni na parasetamoli, zinaweza kumwua.

Mpime uzito kila siku na utazame mshono asubuhi na jioni. Wekundu hafifu si wa kutisha, lakini usaha, uvimbe unaokua au nyuzi zilizoachia ni vya kupelekwa hospitalini siku hiyohiyo, sawa na kinyesi cheusi kama lami, kutapika, au kusaga meno, ambako kwa fereti mara nyingi ni dalili ya maumivu ya tumbo. Mtenge na wenzake wakorofi kwa siku 10 hadi 14, na ukimwinua shika kifua na nyonga pamoja.

Uvimbe wa kongosho mara nyingi hurudi, kwa hiyo sukari iendelee kupimwa. Akizimia, mpake asali kwenye fizi kwa pamba iliyo kwenye kijiti, maana anaweza kung'ata bila kujua. Akizinduka mpe chakula cha nyama, kisha mpeleke kwa daktari bila kuchelewa.