Jinsi ya kuisoma kazi ya Schinkel kwa penseli, ukiwa Dar

Vijana wanaokuja ofisini kwetu Kariakoo kwa mafunzo ya vitendo nawapa jina moja kabla ya ramani yoyote: Karl Friedrich Schinkel, msanifu majengo wa Prusia, ufalme wa Kijerumani wa wakati ule, aliyezaliwa Neuruppin mwaka 1781 na kufariki Berlin mwaka 1841. Wengi hukimbilia picha za majengo yake kwenye simu. Wadogo zangu, msianzie huko. Anzeni na miaka.

Chukua karatasi ya A1 na upige mstari wa sentimita 60, kila sentimita mwaka mmoja. Juu ya mstari andika alichojenga, chini yake alichochora. Tia alama 1794, familia ilipohamia Berlin. 1800, alipofariki mwalimu wake Friedrich Gilly. 1803 hadi 1805, safari ya Italia. Baada ya hapo juu panakuwa peupe. Napoleon aliipiga Prusia mwaka 1806, hazina ikakauka, na kwa takriban miaka kumi kazi kubwa za ujenzi hazikuwepo. Lakini tazama chini: panorama, yaani picha kubwa ya kuzunguka, ya mji wa Palermo iliyoonyeshwa kwa watu, picha za rangi, samani za Malkia Luise, nishani ya Msalaba wa Chuma mwaka 1813, kisha mandhari za jukwaa la opera. Mwaka 1810 aliingia serikalini, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kukagua michoro ya majengo ya wengine.

Hapo kaa sana, hasa wewe uliyemaliza chuo na bado unasubiri tenda. Mimi naamini jukwaa lilimfundisha swali ambalo ramani nyingi zinazopita mezani kwangu hazijiulizi: mtu akisimama hapa, ataona nini?

Ukitaka kuliona swali hilo likijibiwa, chora Altes Museum, iliyofunguliwa Berlin mwaka 1830. Usichore uso wake kwanza, ingawa nguzo 18 za mbele zinavutia. Chora mkato unaopita katikati, yaani jengo kama limepasuliwa wima uone ndani. Utakuta ngazi ziko nyuma ya nguzo, hazijafungwa kwa ukuta wa nje, kwa hiyo mtu akifika juu anageuka na kuutazama uwanja kati ya nguzo. Yuko ndani na yuko nje. Aliyekulia barazani ataelewa mara moja. Nyuma ya ngazi kuna ukumbi wa duara wenye kuba, na kuba hilo limezungushiwa kuta za mraba ili kwa nje lisishindane na kasri la mfalme lililokuwa ng'ambo ya uwanja. Andika sababu hiyo pembeni ya mchoro. Kila mchoro uwe na maelezo ya namna hiyo: nani alilipa, na palikuwa na nini kabla. Kwa jumba la maigizo kwenye uwanja wa Gendarmenmarkt, Berlin, kwa mfano, la zamani liliungua mwaka 1817, naye akatakiwa atumie mabaki yake, nguzo zikiwemo.

Bauakademie, chuo cha ujenzi alichokisanifu Berlin, ichore kwa skeli ya 1:200 kwenye A3. Ni mraba wa matofali ya kuchoma, kila upande vipande 8 sawa. Mwaka 1826 alikuwa ameviona viwanda vya Manchester. Weka mchoro wako kando ya picha ya viwanda hivyo na ulinganishe mpangilio wa madirisha. Jengo lenyewe lilibomolewa mwaka 1962, hivyo tegemea michoro na picha.

Mwisho toka nje. Schinkel hakujenga chochote hapa; Wajerumani walifika Dar miongo kadhaa baada ya kifo chake. Unakwenda kuzoeza jicho. Nenda kanisa la Kilutheri la Azania Front asubuhi jua halijawa kali, omba ruhusa kwa wahusika wa kanisa, uwe na futi kamba na mwenzako wa kushika upande wa pili. Pima dirisha moja na kijipaa cha vigae kilicho juu yake, kisha rudi saa sita uchore kivuli kinapoishia. Ukimaliza, vuka upande wa bahari na uchore kanisa lote kutoka pale unaposimama, bila rula.