Kumfundisha mtoto kusoma silabi nyumbani kwa vifuniko vya chupa

Mtoto anayepaza sauti "ba be bi bo bu" bila kukwama anaweza kuwa hajui kusoma hata silabi moja. Ziba mstari wote kwa kiganja, umwachie "bo" peke yake. Kama midomo inacheza kimyakimya kuanzia "ba" mpaka ifike, basi anaimba, hasomi. Mwongozo huu unamhusu mtoto wa miaka minne na nusu hadi sita anayezungumza Kiswahili nyumbani, na lengo ni ajue silabi hata ikija peke yake, imepinduliwa mpangilio, au imejificha katikati ya neno.

Kiswahili kinamrahisishia mtoto kazi hii. Irabu ni tano, kila moja ina sauti moja popote inapokaa, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Mtoto akishaelewa namna ya kuunganisha konsonanti moja na irabu moja, zilizobaki zinafuata mkondo uleule.

Vifaa

Kusanya vifuniko vya plastiki vya chupa za maji au soda, vya rangi hafifu: nyeupe, njano, samawati mpauko. Visoda vya chuma vina kingo kali, viache. Kwa seti kamili unahitaji 51: irabu tano mara tatu kila moja (15), na konsonanti 18 za herufi moja mara mbili kila moja (36). Irabu zinahitaji kuwa tatutatu kwa sababu ya maneno kama "matata". Huna haja ya kusubiri seti ikamilike. Vifuniko 19 vinatosha kuanza: irabu zote, m mbili na t mbili.

Andika kwa maka peni isiyofutika, irabu kwa wino mwekundu na konsonanti kwa mweusi. Tumia herufi ndogo tu, na "a" iandikwe kama inavyoandikwa kwa mkono shuleni, duara na mkia. Kisha piga mstari mfupi chini ya kila herufi. Usiuruke mstari huu. Kifuniko ni duara, kinazunguka: u ikigeuka ni n, m inafanana na w, d inakuwa p. Mtoto asiyejua upande wa chini ni upi atakosea bila kosa lake. Mwambie, "Mstari unakaa chini, kama sakafu." Ukikosea kuandika, pamba yenye spiriti au kitakasa mikono chenye alkoholi itafuta.

Tafuta pia sinia lenye mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha nusu sentimita hivi. Ukijaza zaidi, kingo za herufi zinaporomoka na mtoto haoni alichoandika. Chumvi inafaa pia, ila si kwa mtoto mwenye mchubuko kidoleni.

Nyumba ikiwa na mtoto mwingine wa chini ya miaka mitatu, vifuniko vikae kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati, na vihesabiwe kila baada ya zoezi. Kifuniko cha chupa kinaweza kumkaba mtoto mdogo.

Hatua ya 1: masikio kabla ya macho

Kwa wiki nzima usitoe kifuniko hata kimoja. Pigeni makofi kwa silabi: ku-ku, makofi mawili, sa-bu-ni, matatu, ka-ba-ti, matatu. Fanyeni mnapochambua mchele au mnapotembea kwenda dukani. Akishazoea, geuza mchezo: wewe unasema vipande polepole, "sa... ma... ki", yeye anakutajia kitu. Kisha mwulize, "Mama na moto, yanaanza sawa?"

Mtoto asiyeweza kusikia kwamba "kuku" ina vipande viwili hatafaidika na herufi. Atakariri tu maumbo. Ikiwa baada ya wiki mbili bado makofi hayalingani, endelea na makofi, hujachelewa. Ila akiwa pia anaitwa haitiki, au masikio yanatoa usaha, mpeleke kituo cha afya wakamchunguze usikivu kwanza.

Hatua ya 2: irabu

Anza na a, i, u, maana midomo inabadilika waziwazi: a mdomo wazi, i midomo imetanuka, u imechongoka. Mpe kioo ajitazame. Siku ya tatu au ya nne ongeza o, mwisho e. Kila irabu aione kwenye kifuniko, aitamke, aichore kwa kidole mchangani. Dakika kumi zinatosha, kumi na tano ndiyo mwisho. Acha akiwa bado anataka. Ukisubiri apige miayo, kesho atakukimbia.

Hapa ndipo Kiingereza kinapoingilia. Mtoto wa shule ya awali inayofundisha kwa Kiingereza, au anayelelewa ughaibuni, anaweza kuiona i akasema "ai", na e akaisema "ii". Hajakosea, ametumia kanuni ya lugha nyingine. Mjibu kwa utulivu: "Kwa Kiswahili hii inasema i." Tenga muda wa lugha hizo mbili: vifuniko ni vya Kiswahili tu, na kitabu cha Kiingereza kisikae mkekani kwa wakati huo. Wenye kuchanganya lugha ndani ya dakika kumi zilezile huishia na mtoto anayebahatisha irabu kwa kutazama uso wa mzazi.

Kwa sababu hiyohiyo, usimfundishe majina ya herufi kwanza. Mtoto aliyefundishwa "em" akikutana na m na a atasoma "ema", na hapo amefuata alichofundishwa.

Hatua ya 3: kuunganisha

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Konsonanti ya kwanza iwe m, kwa kuwa inaweza kuvutwa: mmmmm. Weka m kushoto na a kulia, nafasi ya kiganja kati yao. Weka kidole kwenye m, vuta sauti "mmmm" huku ukiisogeza kuelekea a. Vifuniko vikigusana, fungua mdomo: "ma". Usikate sauti njiani. Ukisema "m", ukanyamaza, kisha "a", mtoto atasikia vitu viwili visivyohusiana.

Rudia na i, kisha u, o, e, kwa mpangilio unaobadilika kila mara. Leo "mi, ma, mu", kesho "mo, mi, me". Mpangilio wa a-e-i-o-u usiutumie kabisa katika wiki hizi. Nyimbo atazipata shuleni na kwa wenzake.

Mara tu silabi tano za m zikikaa, mpe maneno: mama, mimi, uma, umeme. "Umeme" huwafurahisha sana, labda kwa jinsi tunavyolitaja neno hilo ukikatika.

Ishara kwamba bado: anasema "mmm... a" na kutulia, au anatazama herufi ya kwanza na kubahatisha neno. Mrudishe kwenye silabi mbili tu, ma na mi, siku mbili tatu. Asiongezwe konsonanti kabla hajasoma silabi tano za iliyotangulia zikiwa zimechanganywa.

Hatua ya 4: konsonanti zinazofuata

Fuata mpangilio huu: m, t, k, b, l, n, s. Kisha d, h, w, p, y, j, g, f, z, r, v. Sababu ni mbili. Saba za kwanza zinajenga maneno mengi ya nyumbani, na zinazofanana zimetenganishwa: b haikai jirani na d, m haikai jirani na n, l iko mbali na r. Ukifundisha b na d wiki moja, utakuwa umepanda mkanganyiko utakaochukua miezi kuung'oa.

Herufi t, k na b hazivutiki. Ukijaribu kuitamka b peke yake utajikuta ukisema "ba" au "be". Nenda moja kwa moja kwenye silabi: andaa mdomo kwa b, elekeza kidole kwenye irabu, toa "bi" kwa mara moja.

Maneno ya kila hatua:

- Na t: taa, tatu, moto, mate, tai
- Na k: kuku, kiti, keki, koti, kaka
- Na b: baba, bibi, bata, boti, kabati
- Na l: lala, leta, kula, bakuli
- Na n: nane, tano, nani, nunua
- Na s: saa, sita, kisu, samaki, sabuni, nanasi

Kila wiki bandika kadi tatu za katoni kwenye vitu vyenyewe: kiti, kabati, sabuni. Zibadilishe baada ya siku saba. Kadi iliyokaa mwezi mzima ukutani haionekani tena. Siku nyingine zihamishe kwa makusudi, "kiti" kwenye ndoo, umwache akugombeze.

Hatua ya 5: imla ya vifuniko

Sema neno, yeye alijenge. Mpe vifuniko anavyohitaji na viwili vya ziada tu. Akimwagiwa kopo lote atatafuta herufi dakika tano na kusahau neno.

Akikosea, usiseme "hapana". Soma alichojenga kama kilivyo: "Umeandika 'tata'. Mimi nimesema 'bata'." Mara nyingi atacheka na kurekebisha mwenyewe.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuangusha irabu: "bta" badala ya "bata". Chanzo chake ni kwamba b imemkaa kichwani kama "ba", hivyo kwake a imeshahesabika. Acha imla, rudi kwenye bi, bo, bu, be kwa siku chache, kisha mpe "bibi" na "boti" kabla ya kurudi kwenye "bata".

Kuandika kwa penseli kunaanza hapa, si mapema zaidi. Penseli iwe kipande kifupi, sentimita 6 au 7. Haimpi nafasi ya kuishika kwa ngumi. Herufi kugeuka kama kwenye kioo ni jambo la kawaida hadi miaka sita au saba. Kwa b na d, saidia kwa mwendo wa mkono: b inaanza na fimbo, kisha tumbo, d inaanza na tumbo, kisha fimbo.

Hatua ya 6: kijitabu

Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati na kushonwa kwa uzi zinatoa kurasa nane. Ya kwanza iwe jalada lenye jina la mtoto, saba zilizobaki sentensi mojamoja, mchoro achore mwenyewe. Kwa konsonanti saba za mwanzo tu unaweza kuandika: mama ana sabuni. bata anakula. bibi anakata nanasi. kuku amelala. Acha nafasi ya upana wa kidole chake kati ya maneno. Akikisoma, mfunikie mchoro. Wengine husoma picha.

Hatua ya 7: m na n zinazosimama peke yake

Akishamaliza konsonanti zote, rudi kwenye makofi. M-tu, makofi mawili. M-to-to, matatu. M-la-ngo, matatu. N-chi, mawili. Mtoto asiyepiga kofi la m ataandika "toto", na anayelipigia kwa nguvu mno ataandika "mutoto". Mpe kifuniko cha m, akiweke chini kwa kofi la kwanza, bila irabu.

Kisha linganisha na "mbuzi": mbu-zi, makofi mawili, m imeshikamana na b. Lakini "mbu" anayeuma usiku ni m-bu. Usimweleze kanuni, mpigishe makofi.

Katika nd, mb, ng, nj na nz, kosa ni kuangusha sauti ya pua: "dizi", "buzi". Mwambie aweke kidole ubavuni mwa pua aseme "ndizi", kisha "dizi". Kwa ndizi pua inatetemeka mwanzoni, kwa dizi haitetemeki.

Hatua ya 8: zilizobaki

Andika ch, sh, ny na ng' kila moja kwenye kifuniko kimoja, maana kila moja ni sauti moja. Tenganisha ng' na ng kwa ng'ombe na ngoma, ukimwonyesha kialama cha juu. Baada ya hapo kw, mw, bw na sw: kwako, mwezi, bwana, swala.

Acha dh, th na gh ziwe za mwisho kabisa. Katika nyumba nyingi za bara watu wazima wenyewe husema "zahabu" na "gali", hivyo mtoto hana sikio la kuegemea. Azione, azisikie kwako polepole, na imla yake isubiri hadi darasa la kwanza au la pili.