Namna ya Kurejesha Toleo la Awali la Filamu au Kipindi cha Runinga

Filamu nyingi za zamani tunazotazama leo si zile zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema zilipotoka. Star Wars ya mwaka 1977 ilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 1997, ikabadilishwa tena kwa ajili ya DVD ya 2004, kisha tena kwa Blu-ray ya 2011. Na toleo la awali lilipotolewa kama nyongeza katika DVD za mwaka 2006, lilitokana na mkanda uliotayarishwa mwaka 1993 kwa ajili ya LaserDisc (diski kubwa za video za kabla ya DVD), ubora wake ukiwa chini ya DVD nyingine za wakati huo. Katika runinga hali ni hiyo hiyo. WKRP in Cincinnati ilipoteza nyimbo zake nyingi kwa sababu ya gharama za vibali vya muziki, na mwaka 2019 vipindi vya mwanzo vya The Simpsons viliwekwa kwenye huduma ya Disney+ vikiwa vimekatwa juu na chini ili vijaze skrini pana, hadi mwaka uliofuata watazamaji walipopewa uwezo wa kuchagua umbo lake la asili. Mashabiki wamejibu kwa kufanya kazi ya urejeshaji wenyewe, na mwongozo huu unaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Amua kwanza unarejesha nini

Hatua hii haihitaji kifaa chochote, lakini ndiyo inayowashinda wengi. Neno “toleo la awali” linaonekana kuwa wazi hadi utakapoanza kulifuatilia. Mwaka 1977 pekee, Star Wars ilikuwa na michanganyiko mitatu tofauti ya sauti: mmoja wa stereo kwa nakala za milimita 35, mwingine wa njia sita kwa nakala za milimita 70, na wa tatu wa mono, yaani wa njia moja tu ya sauti, ambao una maneno yasiyosikika katika ile miwili. Maandishi ya “Episode IV” na “A New Hope”, ambayo watu wengi huyadhani kuwa ya tangu mwanzo, yaliongezwa filamu iliporudishwa katika majumba ya sinema mwaka 1981. Kwa hiyo andika sentensi moja inayotaja mwaka, aina ya nakala na aina ya sauti unayoikusudia, na kila uamuzi utakaofuata uupime kwa sentensi hiyo. Mtu asiyeiandika huishia kuchanganya vipande vizuri vya matoleo mbalimbali na kuzalisha filamu ambayo haijawahi kuonyeshwa popote.

Baada ya hapo tengeneza jedwali la tofauti. Weka toleo la sasa na nakala ya zamani kabisa unayoweza kuipata, hata ikiwa ni VHS iliyochoka, na uzitazame sambamba shoti kwa shoti. Kwa kila tofauti andika muda, kilichobadilika, na chanzo unachotarajia kitakupa sehemu iliyokosekana. Usitafute yale yaliyokwisha kuwa maarufu tu, kama bunduki za maofisa zilizogeuzwa simu za upepo katika E.T. mwaka 2002. Mabadiliko mengi ni ya kimya: rangi ya anga, urefu wa shoti uliopunguzwa kwa fremu chache, mlio wa risasi uliowekwa upya. Filamu ya The Terminator ya mwaka 1984 ilikuwa na sauti ya mono, na ilipochanganywa upya kwa ajili ya spika nyingi iliingizwa milio mipya ya silaha; anayeangalia picha tu bila kusikiliza hawezi kuligundua hilo.

Kukusanya na kunasa vyanzo

Chanzo bora ni nakala ya filamu yenyewe iliyowahi kupita katika mashine ya kuonyeshea. Ukibahatika kuipata, usiiweke tena kwenye mashine hiyo. Inuse kwanza: ukanda wa asetati (aina ya plastiki) unaooza hutoa harufu ya siki, na kadiri harufu inavyozidi ndivyo ukanda unavyokuwa umesinyaa na kukakamaa. Ukanda wa kabla ya miaka ya 1950 unaweza kuwa wa nitrati, ambao ukishika moto hauzimiki hata ukinyimwa hewa; huo usiuguse, wasiliana na hifadhi ya filamu. Nakala iliyo salama ipelekwe kwa mwenye skana inayosukuma ukanda kwa roli laini badala ya meno ya chuma. Gombo moja la futi 2,000 la milimita 35 lina takriban dakika 22 za picha, na filamu ya saa mbili ina fremu 172,800, hivyo andaa diski za kutosha kabla ya kuagiza kazi.

Wengi hawatapata ukanda wa filamu, na hilo halizuii kazi. LaserDisc bado ni hazina, hasa kwa sauti, kwa kuwa diski nyingi zilitoka kabla ya wenye filamu kuanza kuzibadilisha. Kwa muda mrefu watu walinasa LaserDisc na VHS kupitia waya wa picha wa kawaida, na matokeo yalitegemea ubora wa saketi za ndani ya mashine. Siku hizi kuna njia iliyo bora zaidi. Miradi ya ld-decode na vhs-decode inanasa mawimbi ghafi moja kwa moja kutoka kwenye kichwa cha kusomea, kisha kompyuta ndiyo inayoyageuza kuwa picha. Faida yake ni kwamba programu ikiboreshwa baadaye, unaweza kuyachakata upya mawimbi yale yale bila kuigusa diski. Ukinasa diski kadhaa za toleo lile lile, kasoro za kila moja zinaweza kufutwa kwa kutumia nyingine.

Usihifadhi chochote katika mfumo unaopoteza taarifa. Picha ziwekwe katika FFV1 na sauti katika FLAC, mifumo ya faili isiyopoteza chochote, na malighafi hizo zikae katika diski mbili tofauti ambazo huzitumii kwa kazi ya kila siku.

Kutoa fremu za kweli kutoka kwenye video

Hapa ndipo kazi ya mwanzo inapoharibika mara nyingi, kwa hiyo inafaa ielezwe kwa utulivu. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini video ya NTSC, mfumo wa runinga wa zamani wa Marekani, inakwenda kwa takriban fremu 30, kila moja ikiwa na nusu-fremu mbili zilizofumana kwa mistari. Ili kuziba tofauti hiyo, fremu moja ya filamu hugawiwa nusu-fremu mbili na inayofuata hupewa tatu. Fungua video uliyoinasa, tafuta mtu anayetembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha uende mbele fremu moja moja. Utaona fremu tatu safi, kisha mbili ambazo kingo za mwili wake zimechanika kama meno ya kitana, halafu tatu safi tena. Zile mbili ni mchanganyiko wa fremu jirani. Programu za AviSynth na VapourSynth zina vichujio vya kuziunganisha upya nusu-fremu zinazostahili kuwa pamoja na kukurudishia fremu 24 halisi. Usikubali kichujio kinacholainisha tu ile michaniko, kwa sababu kitakuachia mwendo unaokwamakwama.

Video ya PAL, mfumo uliotumika Uingereza na nchi nyingine nyingi, ina tatizo tofauti. Filamu huharakishwa hadi fremu 25, hivyo ya dakika 120 humalizika kwa dakika 115 na sekunde 12, na sauti nayo hupanda kwa karibu nusu toni. Ipunguze kasi na sauti yake kwa kiwango kile kile.

Vipindi vya runinga vilivyorekodiwa kwa kamera za video havifuati utaratibu huu. Mwendo wao wa asili ni nusu-fremu 50 au 60 kwa sekunde, na kuvigeuza kuwa fremu 24 ili vifanane na sinema ni kuviharibu. Vipindi vingi vya zamani vya Doctor Who, tamthilia ya runinga ya Uingereza, vilibaki tu kama filamu iliyopigwa mbele ya skrini ya runinga, na mashabiki wenye taaluma ya utangazaji walitengeneza mbinu iitwayo VidFIRE ya kuvirudishia ule mwendo laini wa video. Ugunduzi mwingine ulivutia zaidi. Baadhi ya filamu hizo zisizo na rangi zilikuwa zimenasa vinukta vidogo sana vilivyotokana na mawimbi ya rangi ya matangazo ya awali, na wataalamu wa kujitolea waliandika programu ya kuvisoma na kuirudisha rangi yenyewe. Kipindi kimoja cha vichekesho vya Dad's Army kilichorejeshewa rangi kwa njia hiyo kilirushwa na BBC mwezi Desemba 2008. Fundisho la kiutendaji ni kwamba usisafishe chochote katika hatua ya kunasa, kwa sababu kichujio chochote cha kuondoa “uchafu” kingevifuta vinukta vile.

Picha: kubandika, rangi na chembechembe

Kama toleo la kisasa lina picha nzuri isipokuwa sehemu zilizobadilishwa, litumie kama msingi na ubandike vipande vya zamani. Hivyo ndivyo mashabiki walivyotengeneza Despecialized Edition ya Star Wars, wakati mradi wao mwingine, 4K77, ulichagua kuskani nakala za milimita 35. Kwa maoni yangu njia ya pili ni ya kweli zaidi hata inapokuwa na mikwaruzo, ila ya kwanza ndiyo inayowezekana kwa wengi. Unapobandika, badilisha shoti nzima kutoka mkato hadi mkato kila inapowezekana, kwa sababu jicho husamehe tofauti ya ukali kati ya shoti mbili lakini halisamehi kiraka katikati ya picha.

Rangi inahitaji ushahidi, wala si kumbukumbu. Nakala nyingi za ukanda wa rangi wa Eastman za miaka ya 1960 na 1970 zimechujuka na kubaki na wekundu wa waridi, hivyo hazifai kuwa kipimo. Nakala za Technicolor zilizotiwa rangi kwa kuhamishiwa wino hazichujuki kwa namna hiyo, na nakala ya aina hiyo ya Star Wars ilionyeshwa na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, jijini London mwezi Juni 2025. Tafuta skani za fremu kutoka nakala kama hizo, na urekebishe shoti kwa shoti ukilinganisha ngozi za watu, weusi wa vivuli na weupe wa nguo. Usichukue LaserDisc kama kipimo cha rangi, kwa kuwa fundi wa kila kampuni alirekebisha rangi alivyoona inafaa.

Chembechembe za filamu ziachwe. Ndizo picha yenyewe. Ukizifuta kwa kichujio kikali nyuso zinakuwa kama za nta. Programu za akili unde zinazokuza picha nazo zitumiwe kwa tahadhari kubwa, maana hubuni vinyweleo na maandishi ambayo hayakuwepo, na anayebuni amekwisha kutoka katika urejeshaji. Ondoa vumbi na mikwaruzo ya nakala, lakini waya wa kuning'inizia vitu unaoonekana kwa sababu ndivyo filamu ilivyotengenezwa uuache ulipo.

Sauti

Tafuta katika filamu tukio lenye kishindo kimoja kilicho wazi, kwa mfano mlango unaofungwa kwa nguvu. Simamisha picha kwenye fremu ambayo mlango unagusa mwimo wake, kisha katika mchoro wa mawimbi usogeze sauti hadi mwinuko wa kwanza uangukie hapo. Rudia mwishoni mwa filamu. Kama kule mwisho sauti imechelewa au imetangulia kwa kiasi kinachoongezeka polepole, tatizo ni kasi: tofauti kati ya fremu 24 na 23.976 inaonekana ndogo, lakini kwa saa mbili inafikia sekunde 7. Kama imeruka ghafla mahali fulani, kuna fremu zilizopotea. Chunguza kwanza miisho ya magombo, ambapo vidoti vya kona ya juu kulia vilimwashiria mwonyeshaji abadilishe mashine, kwa kuwa ukanda ulikatika na kuungwa mara nyingi zaidi hapo.

Katika vipindi vilivyobadilishiwa muziki, mazungumzo na wimbo havitenganishiki kwa usafi, hivyo chukua sauti yote ya sehemu hiyo kutoka kwenye mkanda uliorekodiwa nyumbani wakati wa matangazo. Linganisha unene wake na sauti inayotangulia, na ufiche maungio mahali penye kelele. Rekodi za nyumbani zisidharauliwe: vipindi zaidi ya 90 vya Doctor Who vya miaka ya 1960 vilikuwa vimepotea picha, lakini sauti zake zote zilisalimika kwa sababu watazamaji walizirekodi kutoka kwenye runinga zao.

Sheria na kukamilisha kazi

Kumiliki diski hakukupi hakimiliki ya filamu. Katika nchi nyingi kusambaza kazi ya namna hii bila idhini ni kosa, na nchini Marekani sheria ya mwaka 1998 inakataza hata kuvunja kufuli za kidijitali za diski. Soma sheria ya nchi yako kabla ya kuanza, usiuze wala kuomba malipo, na ukigundua nakala adimu iarifu hifadhi ya filamu.

Mwisho, ambatanisha na faili maelezo yanayotaja toleo ulilokusudia, chanzo cha kila shoti, ulichorekebisha na ulichoshindwa kukipata. Lipe kila toleo la kazi yako namba, litazame lote kwenye skrini kubwa pamoja na mtu asiyeshiriki, na kila anaposema ameona kitu cha ajabu, andika muda kabla ya kujieleza.