Kuwahudumia wafanyabiashara kwa programu huria: ninavyofanya hapa Busia, Uganda

Mfanyabiashara wa Busia akisikia programu ni ya bure, swali lake la kwanza ni hili: "Ikigoma, nitampigia nani?" Ana haki ya kuuliza, na usiguse mashine yake kabla hujamjibu kwa maandishi. Leseni ya GPL, toleo la 3, ambayo ndiyo masharti ya kutumia ERPNext (mfumo huria wa mauzo na hesabu za duka), inasema wazi kwamba programu haina dhamana. Leseni hiyohiyo inakuruhusu wewe kutoza pesa kwa msaada na kwa dhamana unayoitoa mwenyewe. Kwa hiyo mteja halipii ERPNext, wala LibreOffice, programu ya kuandikia barua na majedwali ambayo nayo ni huria. Anakulipa wewe upokee simu na ufike. Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja: saa za kupiga simu, utafika baada ya muda gani mauzo yakisimama, nini kimo kwenye malipo ya mwezi na nini kinalipiwa kando. Printa na nyaya za umeme mimi naziweka kando.

Kabla ya kusakinisha chochote, keti na keshia kutwa nzima. Hapa mpakani droo moja ina shilingi za Uganda na za Kenya, na wengine wanalipa kwa MTN MoMo au Airtel Money. Kila sarafu na kila laini ya simu ifunguliwe akaunti yake ndani ya mfumo, ndipo hesabu za jioni zitalingana bila ugomvi.

Kama duka limesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), mweleze mwenye duka mapema habari ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Ankara ya mfumo wenu peke yake haimtoshi URA. Lazima iwe na namba ya EFRIS na msimbo wa QR. ERPNext haiji na kitu hicho. Ama muunganishe mfumo na EFRIS kwa idhini ya URA, ama keshia aandike ankara kwenye tovuti yao. Njia ya pili ni kazi maradufu, lakini duka dogo linaimudu.

Kwa kompyuta za ofisini, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za maduka haya hazikubali Windows 11. Nyingi zinafanya kazi vizuri kwa Ubuntu 24.04, mfumo endeshi huria unaochukua nafasi ya Windows, ambao una masasisho ya kawaida hadi 2029. Usisahau fonti. Barua ya zabuni iliyoandikwa kwa Calibri inaweza kuvurugika ikifunguliwa kwenye LibreOffice, na sahihi ikasukumwa ukurasa wa pili. Sakinisha Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Ni kazi ya dakika chache, na inaokoa imani ya mteja katika wiki ya kwanza.

Sasa nakala rudufu, jambo ninalolishikilia kuliko yote, kwa sababu wengi hapa wanauza kwa mkopo na daftari la madeni ndilo uhai wa duka. Amri ya bench backup, inayotengeneza nakala rudufu ya ERPNext, haichukui faili zilizopakiwa kwenye mfumo. Risiti na mikataba iliyoskaniwa hubaki nje mpaka uongeze --with-files. Hakikisha pia site_config.json, faili la mipangilio ya mfumo, imo, maana ndimo ulimo ufunguo wa usimbaji. Bila huo, nywila zilizohifadhiwa kwenye mfumo hazitasomeka ukihamia mashine nyingine. Nakala moja isilale dukani, kwa kuwa mwizi akibeba kompyuta hubeba na diski iliyo pembeni yake.

Kisha irejeshe, tena mbele ya mwenyewe. Kila mwezi nakuja na laptopu ya zamani, narejesha nakala ya jana, namwita mama mwenye duka. "Mama, chomoa risiti yoyote kwenye kitabu." Akichomoa ile ya mabati ya Jumamosi, anaitafuta mwenyewe kwenye laptopu: jina la mteja, idadi ya mabati, salio la deni. Vikilingana, anatia sahihi kwenye daftari langu. Tukimaliza naifuta laptopu yote, kwa kuwa yale ni majina na madeni ya watu, na Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019.

Masasisho makubwa usiyafanye kati ya tarehe 1 na 15. Ritani ya VAT ya mwezi uliopita inatakiwa kufikia tarehe 15, na mhasibu anauhitaji mfumo kama ulivyo. Subiri baada ya hapo, jaribu kwanza kwenye ile laptopu, ndipo uguse seva ya duka.

Ukikuta hitilafu iliyo ndani ya programu yenyewe, waandikie watengenezaji: toleo gani, hatua kwa hatua ulifanya nini, ujumbe gani wa kosa ulitokea. Tengeneza mfano wenye wateja wa kubuni. Data ya duka isitoke. Mwambie mteja kwamba wale hawana deni naye, jibu linaweza kuchelewa, na mpangie njia ya kufanya kazi wakati mnasubiri, hata ikiwa ni kitabu cha risiti na kalamu.