Jinsi ya kupanga majaji wa bia za nyumbani ili alama zao ziaminike

Mwaka wa kwanza tulipoandaa shindano dogo la watengenezaji bia wa nyumbani hapa Kisumu, bia yangu ilipata alama 39 kwa jaji mmoja na 24 kwa jirani yake. (Ndiyo, niliandaa na nikashiriki. Hilo nalo lilikuwa kosa.) Chupa ni ile ile, meza ni ile ile. Tukajumlisha, tukagawanya kwa mbili, tukaandika 31 na nusu, tukapiga makofi. Hiyo 31 na nusu haikuwa maoni ya mtu yeyote pale mezani.

Tangu hapo nimebadilisha karibu kila kitu. Nakupa utaratibu ninaoutumia sasa, kwa majaji sita hadi kumi na bia zisizozidi arobaini. Suala la leseni limalize kwanza: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inagusa utengenezaji pia, si uuzaji peke yake. Na aliye chini ya miaka 18 asihusishwe kwa lolote, hata kubeba glasi.

Hatua ya 1: Kubalianeni bia inapimwa kwa kipimo gani

Chukua busaa, pombe ya jadi ya magharibi mwa Kenya. Unga wa mahindi umechachuliwa, ukakaangwa juu ya bati, kisha ukatiwa kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa likakaushwa. Ugwadu ndio uhai wake. Ni nzito, ina machicha, na haina haja ya kung'aa. Sasa mpe jaji aliyezoea lager, ile bia nyepesi ya chupa inayong'aa, ya baridi. Ataikata alama kwa ugwadu, aikate kwa ukungu, aikate kwa uzito, na akimaliza atakuwa ameipima busaa kwa kosa la kutokuwa lager. Jirani yake aliyelelewa Kakamega ataipa 40. Wote wawili wana ndimi nzima. Kila mmoja alikuwa anajibu swali lake.

Kwa hiyo kila mshiriki aandike mistari mitatu: ni bia ya aina gani, nafaka gani imetumika, na alikusudia iwe vipi mdomoni. Bia za mtama zipewe kundi lao. Ukizilazimisha kwenye makundi ya Ulaya, hakuna jaji atakayejua aziweke wapi.

Hatua ya 2: Karatasi moja ya alama, na anza na daraja

Usibuni karatasi yako. Ile ya Beer Judge Certification Program, mpango wa Marekani wa kuthibitisha majaji wa bia ulioanza 1985, inatosha: jumla ni 50, yaani harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Angalia mwonekano ulivyopewa kidogo. Bia nzuri machoni huwahonga majaji kabla hawajainusa, na zile 3 ni za kuzuia macho yasitawale meza.

Madaraja ya karatasi hiyo ni haya: 45 hadi 50 ni bia ya kipekee, 38 hadi 44 bora, 30 hadi 37 nzuri sana, 21 hadi 29 nzuri, 14 hadi 20 ya wastani hafifu, na 13 kushuka chini ni bia yenye tatizo kubwa. Mfundishe jaji achague daraja kwanza, ndipo agawe alama ndani yake. Anayeanza kwa kuhesabu kipengele kimoja kimoja hushtuka mwishoni bia aliyoimwaga imepata 33.

Hatua ya 3: Safisheni maneno kabla ya kusafisha glasi

Hapa ndipo nilipopata faida kubwa kuliko hatua zote, nami sikuitarajia.

Jaji anasema, “Hii ni tamu.” Tamu ya sukari, au tamu ya kupendeza? Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa yote mawili, na Dholuo nayo hivyo hivyo: *mit* ni utamu wa asali, na ni samaki aliyepikwa akapikika. Nilipofuatilia karatasi za ile bia yangu, jaji wa 39 alikuwa ameandika “tamu” na jaji wa 24 alikuwa ameandika “tamu”. Mmoja alikuwa anaisifu. Wa pili alikuwa analalamika kwamba hamira haikumaliza kazi, sukari imebaki.

“Kali” ni mbaya zaidi. Nimeisikia ikimaanisha ugwadu, uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu), pombe nyingi, gesi nyingi, na mara moja pilipili ya samosa aliyoila jaji mlangoni. Mezani kwangu “tamu” na “kali” haziandikwi. Tunaandika sukari, ugwadu, uchungu, ukakasi, mwasho wa pombe, gesi. Kwa bahati lugha yetu ina neno ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka kama umetafuna ndizi mbichi. Litumie. Wengi huuita uchungu, na hivyo mtengenezaji anashauriwa apunguze hopsi wakati kosa lake ni kusuuza maganda ya kimea kwa maji ya moto mno.

Maneno hayashiki bila kuonja, basi haribu bia kwa makusudi. Nunua lager nyepesi, chupa sita za nusu lita. Moja iache kama ilivyo. Ya pili itie kijiko kidogo cha siki. Ya tatu itie vijiko viwili vikubwa vya chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi. Majani ya Kericho yanatoa ukakasi usio na ubishi. Ya nne itie matone machache ya maji yaliyolowekwa karafuu. Ya tano tone moja au mawili ya ladha ya siagi wanayouziwa waokaji keki, maana harufu ya siagi ni dalili ya bia iliyoondolewa kwenye hamira mapema. Ya sita iwe ya chupa ya kijani, uianike juani saa moja. Jua la Kisumu halihitaji msaada. Mwanga huvunja viini vya hopsi, na harufu itakayotoka utaikumbuka.

Kila jaji aonje zote, aseme jina la kosa, na aonyeshe kama analisikia kidogo au sana. Wapo wasioisikia kabisa ile ya siagi. Si dhambi, ni maumbile. Ila usiwaweke wawili wa namna hiyo meza moja.

Hatua ya 4: Bia ya kwanza haihesabiwi

Asubuhi ya shindano, kila meza ipewe bia moja ya mazoezi. Waandike kimya, kisha wageuze karatasi zote kwa pamoja.

Kimya ni lazima kwa sababu ya adabu zetu. Mzee akitangulia kusema “hii imeharibika”, kijana wa miaka 25 atambishia kwa mdomo gani? Atafuta 36 yake aandike 22. Kwa hiyo alama zinazofanana mno zinanitia shaka kuliko zinazotofautiana. Nilipokuwa Nakuru nikiwasaidia wenzetu, meza moja ilitoa 30, 30, 30 kwa bia tatu mfululizo. Niliwatenganisha viti.

Pengo likizidi alama 7, waongee. Swali ni moja: “Ulisikia nini?” Usiwaulize “kwa nini ulimpa hizo?” Swali hilo huwafanya watetee namba. Wakishaonja tena, kila mmoja arekebishe mwenyewe kama ameshawishika. Wasiposhawishika, mwite jaji wa tatu. Msikatane katikati.

Hatua ya 5: Mpangilio, joto na pua

Tumia namba za tarakimu tatu zilizochanganywa, kama 418 au 752. Chupa ikiitwa “1” au “A” tayari imependelewa. Anza na nyepesi, malizia na nzito na chungu. Meza moja isizidi bia nane kwa kikao. Badili mpangilio kati ya majaji ukiweza, maana bia ya wastani ikifuata mbovu hupanda bei.

Joto letu ni adui. Saa nane mchana glasi ya kwanza ilikuwa baridi na ya mwisho ni vuguvugu, povu limelala, na mwisho huyo analipia kosa la jua. Toa chupa kwenye boksi la barafu moja moja. Mkate mtupu na maji mezani. Marashi hapana, sigara hapana, na samaki wa ufuo wa Dunga wangoje hadi karatasi zikusanywe.

Hatua ya 6: Ficha bia ile ile mara mbili

Mmarekani Robert Hodgson alifanya hivi kwa majaji wa mvinyo wa maonyesho ya jimbo la California, akachapisha matokeo mwaka 2008: mvinyo wa chupa moja ulimiminwa mara tatu katika kikao kimoja, na ni takriban jaji mmoja kati ya kumi aliyebaki ndani ya daraja moja la medali. Hao walikuwa wazoefu.

Mimi naficha bia moja mara mbili kwa kila meza, kwa namba tofauti, moja mapema na moja karibu na mwisho. Tofauti ya hadi 4 naipokea. Ikifika 7 na zaidi, karatasi za jaji huyo zinabaki kama maoni kwa watengenezaji, lakini haketi fainali. Waambie mapema kwamba utafanya hivyo. Mara yangu ya kwanza kupimwa niliipa bia moja 34, halafu 27. Nikaenda kumimina.

Hatua ya 7: Fainali haina alama

41 ya meza ya kwanza na 37 ya meza ya pili si namba ndugu. Chukua mbili bora za kila meza, fungua chupa mpya, na majaji watatu wazipange kwa mfuatano tu: hii juu ya ile. Alama za asubuhi zisionekane.

Kwa hiyo kila mshiriki alete chupa tatu. Moja ya meza, moja ya fainali, na ya tatu inakaa kwenye barafu kwa ajili ya malalamiko: mtu akipinga karatasi yake, inafunguliwa mbele yake na jaji ambaye hakuwa meza hiyo. Isipolalamikiwa, ni ya wahudumu, waliomimina tangu asubuhi bila kuonja hata tone.