Niuza: mapafu, kano na figili kama wanavyopika Guangzhou

Huku Guangzhou, kusini mwa China, ninakoishi, sufuria ya niuza utainusa kabla hujaiona. Ndani mna matumbo, wengu, kano na mapafu ya ng'ombe, yamechemka na figili nyeupe. Muuzaji anakukatia kwa mkasi moja kwa moja kwenye bakuli, anamwagia pilipili, unakula umesimama. Kwetu supu ya utumbo haina mgeni, lakini mapafu wengi tunawapa paka. Kwa hiyo naanza na mapafu, maana hapo ndipo penye kazi.

Nunua pafu zima na koo lake la hewa. Ukikatiwa vipande, maji hayatakuwa na pa kuingilia. Chomeka koo kwenye bomba, fungua polepole. Pafu litavimba kama puto na wekundu utaanza kufifia. Funga bomba, ligeuze koo litazame chini, ukamue kwa viganja viwili kuanzia nchani kwenda kooni. Litatoka povu lenye damu. Jaza tena, kamua tena, mpaka maji yawe maangavu na pafu jeupe. Bibi jirani yangu aliyenifundisha haangalii saa, anaangalia rangi tu. Usikubali kuishia kwenye waridi: harufu yote iko humo.

Likate vipande vikubwa, viweke kwenye kikaango kikavu bila mafuta, pamoja na tangawizi iliyopondwa. Koroga, povu lililojificha litatoka lenyewe. Suuza.

Matumbo na kano vichemshe dakika 10, mwaga maji. Sasa kaanga tangawizi na kitunguu saumu, tia vijiko viwili vya chu hou, ile rojo ya soya ya mji jirani wa Foshan, halafu sosi ya soya, anisi nyota mbili, kijiti cha mdalasini, kipande cha sukari ya mawe na ganda kavu la chenza. Ganda hilo usiliache. Ndilo linalokata uzito wa mafuta. Wapo wanaotia mvinyo wa mchele. Mimi situmii, na chakula kinanoga vilevile.

Kano nusu kilo zitangulie kwa moto mdogo, saa moja na nusu. Ongeza matumbo na mapafu, saa moja. Figili ziingie dakika 30 za mwisho, la sivyo zitavurugika.

Bibi ana imani yake: kula kiungo, uimarishe kiungo chako. Mapafu kwa mapafu, kano kwa magoti. Ni imani ya kale. Kitabu cha dawa cha Li Shizhen, tabibu wa Kichina, kilichochapishwa 1596, kinamtaja ng'ombe kiungo kwa kiungo. Nyama yake huhesabiwa ya moto na figili ya baridi, ndiyo maana zinakaa pamoja. Sisi tuliolelewa pwani na wazee wa "hiki cha moto, hiki cha baridi" tunamwelewa mara moja. Namheshimu sana, ila mwenye pumu nitamwambia afuate dawa za daktari, na mwenye jongo aiache sahani hii kabisa, kwa kuwa viungo vya ndani huongeza asidi ya yuriki mwilini. Na aliyeko Marekani apike bila mapafu. Kuyauza kama chakula kumepigwa marufuku tangu 1971.

Ikibaki, ilaze kwenye friji. Kesho yake toa mafuta yaliyoganda juu, pasha, umwagie tambi za mchele.